Toba ya Mwili: Kuacha Sigara na Swali la Yaliyokwisha Kutendwa

Mtu aliyevuta sigara miaka ishirini kisha akaacha hubaki na mwili uliopokea moshi wa miaka ishirini. Hakuna uwezo unaoweza kuufanya moshi huo uwe haukuvutwa. Hata hivyo takwimu za afya zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 70 zinaonyesha kwamba hatari ya kufa kwa maradhi ya sigara huanza kupungua mara tu mtu anapoacha, na kwa baadhi ya maradhi hupungua hadi kuikaribia ile ya mtu ambaye hajawahi kuvuta. Hapo tiba inakutana na swali kongwe la dini na falsafa: jambo lililokwisha kutendwa hufutika, au hubaki? Na kama halifutiki, anayeacha akiwa amechelewa anaacha kwa faida gani? Mwili hautoi jibu moja. Kila kiungo kina muda wake na masharti yake, na haifai kusema lolote kuhusu toba, hatia au majaaliwa kabla ya kuyajua masharti hayo.

Kinachoondoka mapema ni kaboni monoksidi, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa hii hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mvutaji hutembea siku nzima huku sehemu ya damu yake haibebi kile inachopaswa kubeba. Akikaa bila kuvuta, nusu ya hewa hiyo humtoka kila baada ya saa nne au tano hivi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, karibu na ikweta, saumu ya Ramadhani huchukua saa 13 na kidogo, tangu alfajiri hadi magharibi. Mvutaji anayefunga hufika kwenye adhana ya magharibi akiwa amebakiwa na chini ya sehemu moja ya tano ya kaboni monoksidi aliyoanza nayo siku. Anafungua kwa tende na maji, anaswali, kisha anatoka nje na kuwasha ya kwanza. Kichwa kinamzunguka, mikono inatetemeka kidogo, kwa sababu nikotini nayo ilikuwa imekwisha damuni na mwili ulikwisha kuanza kuisahau. Kufikia daku damu imerudi ilivyokuwa. Kwa mwezi mzima mtu huyo huthibitisha kila siku kwamba anaweza kukaa tangu alfajiri hadi jua kuchwa bila sigara na kwamba damu yake husafika, na kila usiku huirudisha hali ya jana. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa tofauti kati ya kujizuia na kuacha.

Moyo una hesabu nyingine. Sehemu kubwa ya madhara ya sigara kwenye moyo hutokana na mambo yanayoendelea wakati moshi upo: damu huwa nyepesi kuganda, kuta za mishipa hushindwa kutanuka inavyotakiwa, mapigo huenda mbio na msukumo wa damu hupanda. Moshi ukikoma, mambo hayo hukoma au hupoa. Ndiyo maana ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, yaani tofauti iliyopo kati ya mvutaji na asiyevuta, hupungua kwa nusu hivi baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka 15 hivi huikaribia ile ya mtu ambaye hakuwahi kuvuta. Hatari ya kiharusi nayo hushuka, kwa wengi katika muda wa miaka mitano hadi 15. Hata hivyo, moyo hauwafadhili wanaopunguza tu. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo anayobeba mvutaji wa sigara 20. Kutoka 20 hadi moja si kufika mwisho wa safari, kama wengi wanavyojihesabia. Kwa upande wa moyo ni kufika katikati tu.

Mapafu hayana huruma kiasi hicho. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo mno vinavyopiga kasia bila kupumzika, vikisukuma makohozi na vumbi kuelekea kooni. Moshi huvilemaza. Mtu akiacha, vinyweleo hivyo huanza kazi tena, na hapo hutokea jambo linalowavunja moyo wengi: kikohozi huzidi katika wiki za mwanzo. Asubuhi mtu hukohoa makohozi meusi ambayo hakuwahi kuyaona alipokuwa akivuta, akadhani kuacha ndiko kunakomuua, wakati anachokiona ni usafi uliocheleweshwa miaka mingi. Katika miezi inayofuata kikohozi hupungua na pumzi hurefuka.

Lakini mapafu yana vijifuko vya hewa ambavyo kuta zake zikishakatika hazioti tena. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Uingereza, Charles Fletcher na Richard Peto, walichapisha mchoro ambao hadi leo unafundishwa katika vyuo vya tiba. Kila mtu mzima hupoteza uwezo kidogo wa kupumua mwaka hadi mwaka. Mvutaji ambaye mapafu yake yanadhurika na moshi huupoteza kwa kasi kubwa zaidi. Akiacha, harudishiwi kilichokwisha kupotea, bali kasi ya kupoteza hurudi kuwa ile ya kawaida. Utafiti mrefu uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu karibu 6,000 wenye dalili za mwanzo za kuziba kwa njia za hewa ulilithibitisha hilo. Baada ya miaka 11, wanaume walioacha tangu mwanzo walikuwa wakipoteza mililita 30 hivi za hewa kwa mwaka, na walioendelea kuvuta walikuwa wakipoteza zaidi ya 60. Huu ni ukweli mgumu, na haufai kufunikwa kwa maneno matamu. Mwenye miaka 55 anayeshindwa kupanda ngazi mbili hatapanda kama kijana kwa sababu ameacha. Atabaki na pumzi aliyo nayo, na kwa kawaida itamtosha kwa miaka mingi, badala ya kuikosa kabisa akiwa na miaka 65.

Saratani iko baina ya hali hizo mbili. Moshi wa tumbaku huacha makovu katika vinasaba vya seli, na kovu la kinasaba hurithishwa kila seli inapogawanyika. Ilitarajiwa basi kwamba hatari ya saratani isingeshuka, na kwamba faida pekee ya kuacha ingekuwa kutoongeza makovu mapya. Takwimu zilisema vingine. Kufikia mwaka wa kumi baada ya kuacha, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, ingawa haishuki hadi kulingana na ya asiyevuta kamwe, hata baada ya miaka mingi. Kwa muda mrefu sababu haikujulikana vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi iliyosoma vinasaba vya seli moja moja kutoka njia za hewa za watu 16: wavutaji, walioacha, wasiowahi kuvuta, na watoto. Kwa walioacha walikuta kundi la seli zenye makovu machache mno, zikifanana na za watu wasiovuta. Kwa baadhi yao zilifikia asilimia 40 ya seli zote zilizochunguzwa, mara nne ya zile za wavutaji. Inaelekea kulikuwa na akiba ya seli zilizokingika na moshi, na moto ulipozimwa zilienea na kuchukua nafasi za zile zilizoharibika. Zilizoharibika hazikutengenezeka. Walichokiona ni wazima waliobaki wakiongezeka.

Jumla ya mambo haya yote ilipimwa kwa mara ya kwanza kwa uhakika na Richard Doll na Austin Bradford Hill. Mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wa Uingereza wakiwauliza kuhusu uvutaji wao, kisha wakaanza kuhesabu nani anakufa na kwa ugonjwa gani. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na alikuwa ameacha baada ya kuyaona matokeo ya utafiti wao wa kwanza, uliochapishwa mwaka 1950. Madaktari wanaume 34,439 walifuatiliwa kwa miaka 50, na ripoti ya mwisho ikatoka mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya Doll kufariki. Mvutaji wa kudumu hupoteza, kwa wastani, miaka kumi hivi ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa mitatu kati ya hiyo. Mwenye 50 aliokoa sita. Mwenye 40, tisa. Mwenye 30, karibu yote kumi. Ni nadra kwa sayansi kutoa hesabu ya toba iliyo wazi namna hii, yenye umri na malipo yake.

Wastani, hata hivyo, si hukumu ya mtu mmoja mmoja, na hapa ndipo hoja ya kwanza ya upinzani inapozaliwa. Katika mabaraza ya kahawa ya Mombasa, Tanga na Unguja si ajabu kusikia kwamba yupo mzee aliyevuta msokoto hadi akafika miaka 90, na yupo kijana asiyejua hata harufu ya tumbaku aliyekufa kwa saratani; siku zikifika zimefika. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Hatari ni sifa ya kundi. Mtu aliyeacha sigara hataweza kamwe kumwonyesha mwenzake ugonjwa aliouepuka. Katika elfu moja walioacha, wapo mamia ambao wangeuawa na sigara na sasa hawatauawa, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kusimama na kusema kwa yakini kwamba yeye ni mmoja wao. Daktari Geoffrey Rose wa Uingereza alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1985 alipotenganisha maswali mawili: kwa nini mtu huyu ameugua, na kwa nini kundi hili lina wagonjwa wengi. Jibu la swali la pili halimpi mtu yakini juu ya la kwanza. Kinachopatikana ni sababu ya kutenda, na katika maisha ya binadamu sababu ya kutenda ni nadra kuja pamoja na yakini. Mkulima hapandi kwa kuwa ana hakika ya mvua.

Kosa la hoja ya barazani liko kwingine: inachukulia kwamba kama siku ya kufa imeandikwa, basi njia ya kuifikia haihusiki. Mapokeo ya Kiislamu yana kisa kinachojibu hilo moja kwa moja. Katika karne ya 7 Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa akielekea Sham (eneo la Syria na jirani zake) aliposikia kwamba tauni imezuka huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda bin al-Jarrah, mmoja wa masahaba wakubwa, alimpinga: vipi anaikimbia kadari ya Mungu? Umar alikubali kwamba anaikimbia, lakini alisema anaikimbilia kadari nyingine ya Mungu huyo huyo, akamkumbusha kwamba mchungaji akiwapeleka ngamia upande wa bonde wenye majani au upande ulio mkavu, kote atakuwa amelisha kwa kadari. Imani katika kadari haimwambii mvutaji kwamba kuacha hakuna maana. Inamwambia kwamba hata kuacha kwake kumo ndani ya yaliyoandikwa.

Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, nayo ilibadilika ushahidi ulipobadilika. Tumbaku ilipoingia nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1600, wanazuoni walitofautiana vikali. Wawili wa Misri, wote wa madhehebu ya Maliki, walisimama pande mbili: Ibrahim al-Laqani aliiharamisha, Ali al-Ujhuri akairuhusu. Katika Damascus, Abd al-Ghani al-Nabulsi aliandika risala nzima kuitetea. Walioiruhusu hawakuwa wakipuuza sheria. Walisema asili ya vitu ni uhalali hadi madhara yathibitike, na madhara ya kawaida hayakuwa yamethibitika. Yalipothibitishwa katika karne ya 20, msingi wa hoja yao uliondoka, na idadi kubwa ya mamufti wakahamia upande wa uharamu kwa kutegemea aya inayokataza mtu kujitia katika maangamizi kwa mikono yake. Kwa hiyo mvutaji wa leo hawezi kujikinga kwa fatwa ya karne ya 17, kwa kuwa hata walioitoa waliiweka juu ya sharti ambalo sasa halipo.

Swali la kufutika kwa yaliyopita lina historia ndefu zaidi. Aristotle, katika maandishi yake ya maadili ya karne ya 4 kabla ya Kristo, alimtaja mtu aliyejiletea ugonjwa kwa maisha ya kutojizuia na ukaidi dhidi ya matabibu wake. Kulikuwa na wakati ambapo kutougua kulikuwa mikononi mwake. Baada ya kuupitisha, kutaka tu kupona hakumponyi, na bado lawama ni yake. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Petro Damiani, alikwenda mbali zaidi na kuuliza kama Mungu mwenyewe aweza kulifanya lililotokea kuwa halikutokea. Alikataa kuuwekea uweza wa Mungu mpaka. Thoma wa Akwino, karne mbili baadaye, alijibu kwamba hapana: jambo lililopita kutokuwa limepita ni ukinzani, na ukinzani si kitu cha kufanywa na yeyote. Kwa Akwino, Mungu huweza kumwondolea mtu uharibifu wa roho na wa mwili, ila hawezi kuondoa ukweli kwamba mtu huyo aliwahi kuharibika.

Tofauti hiyo ya Akwino ndiyo inayolifungua suala zima. Msamaha na matokeo ni vitu viwili. Katika Biblia, Mfalme Daudi anatubu baada ya kumtwaa mke wa Uria na kumwulisha mumewe. Nabii Nathani anamwambia kwamba dhambi yake imeondolewa, na katika maneno yale yale anamwambia kwamba mtoto atakufa. Kanisa Katoliki limeijenga tofauti hii katika mafundisho ya kitubio: hatia husamehewa, lakini adhabu ya muda inaweza kubaki. Uislamu nao unafundisha kwamba mwenye kutubia kikweli huwa kama asiye na dhambi, bila kudai kwamba mkono uliokatwa katika uovu utaota tena. Mapafu yaliyotoboka hayapingani na msamaha, na yanayopona hayauthibitishi. Wahubiri wanaotumia afya iliyorudi kama cheti cha rehema, na wanaotumia saratani kama cheti cha laana, wote wanachanganya madaftari mawili ambayo dini zenyewe ziliyatenganisha.

Mfano wa Yesu wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu unaionyesha tofauti hiyo kwa upande wa pili. Walioajiriwa saa ya kumi na moja walilipwa sawa na walioanza asubuhi, na wa asubuhi wakanung'unika. Neema hulipa hivyo. Mwili haulipi hivyo: Doll alikuta miaka mitatu kwa wa saa ya kumi na moja na kumi kwa wa asubuhi. Lakini hata mwili haumrudishi mikono mitupu aliyechelewa, na hili ndilo jambo ambalo wavutaji wengi wenye umri mkubwa hawajaambiwa. Wanajipima na mtu asiyewahi kuvuta, wanaona hawatamfikia, wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Kipimo hicho si sahihi. Mtu asiyewahi kuvuta si mmoja wa watu ambao mvutaji wa miaka 60 anaweza kuwa. Watu anaoweza kuwa ni wawili tu: yeye aliyeacha leo na yeye aliyeendelea. Kati ya hao wawili tofauti ni kubwa katika umri wowote, hata baada ya ugonjwa kugunduliwa. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa 517 wa saratani ya mapafu ya hatua za mwanzo mjini Moscow, wote wavutaji, walikuta kwamba walioacha baada ya kuambiwa wana saratani waliishi miezi 22 hivi zaidi ya walioendelea. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2021. Miezi 22 inatosha mtu kumwoza binti yake na kumpakata mjukuu.

Kijana ana tatizo la kinyume. Yeye bado ana yote kumi, na kwa sababu hiyo haoni haraka. Mwanafalsafa wa Oxford, Derek Parfit, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu nafsi na sababu za kutenda, alitoa mfano wa mvulana anayeanza kuvuta akijua kwamba huenda akaumia sana miaka 50 baadaye, wala hajali. Parfit aliamini kwamba uhusiano kati ya mvulana na mzee atakayekuwa ni hafifu kuliko watu wanavyodhani, karibu kama uhusiano wa watu wawili tofauti. Wengine wangetumia wazo hilo kumwachia mvulana afanye atakavyo. Parfit aliligeuza: kama mzee huyo ni kama mtu mwingine, basi kumdhuru si uzembe wa mtu juu ya mali yake, ni kosa la kimaadili dhidi ya mtu asiyeweza kujitetea. Hata asiyeikubali falsafa yake ya nafsi anaweza kuliona jambo hilo kwa macho kwenye duka la mtaani, ambako sigara huuzwa moja moja na kiberiti cha gesi kimening'inizwa dirishani kwa kamba. Mnunuzi hulipa sarafu, huvuta kamba, huwasha, huenda zake. Bei ni ndogo kwa sababu anayelipa sehemu kubwa hayupo dukani.

Swali la mwisho ni la utashi. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Sham wa karne ya 13 ambaye kitabu chake Riyadh as-Salihin hudarsishwa sana katika misikiti ya pwani, alitaja masharti ya toba: kuacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Masharti hayo yanadhani mtu ana mamlaka juu ya kitendo chake. Nikotini huyagusa mamlaka hayo. Hufika ubongoni katika sekunde chache baada ya moshi kuvutwa, na ubongo uliozoea hudai kipimo chake kwa hasira, usingizi wa mang'amung'amu, njaa na fikra zisizotulia. Mtaani huitwa arosto. Hali hiyo huwa kali zaidi katika siku chache za mwanzo na hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Wanaoacha wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Je, anayerudia alikuwa hakutubu? Wanazuoni wamejibu kwamba azma hupimwa wakati inapowekwa. Aliyeazimia kwa kweli kisha akaanguka toba yake ya kwanza ilikuwa sahihi, na anatakiwa aanze tena. Tiba inakubaliana nao kabisa. Kila jaribio lina thamani, na kurudi si ushahidi wa unafiki.

Kuna wanaoona haya kutumia dawa, wakidhani kuacha kwa msaada ni kuacha kwa udanganyifu. Hapa ni vyema kuwa wazi: fikra hiyo inaua watu. Bandiko na pipi za kutafuna za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na huongeza nafasi ya kufaulu kwa kiasi kinachopimika. Waadventista Wasabato, ambao imani yao huwataka waumini wasivute, walielewa tangu zamani kwamba katazo peke yake halitoshi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 mchungaji Elman Folkenberg na daktari Wayne McFarland walikuwa wameanzisha nchini Marekani mpango wa siku tano wa kuacha sigara, uliounganisha mafundisho, vikao vya jioni, maji mengi na mshikamano wa kikundi, na ambao baadaye ulienea nchi nyingi. Waliweka imani na mbinu katika chumba kimoja, na hawakuona kwamba kimoja kinakipunguzia kingine heshima.

Nawawi aliongeza sharti la nne pale dhambi inapohusu haki za watu: kuwarudishia haki yao au kuwaomba radhi. Sigara ina haki za watu ndani yake. Zaidi ya watu milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka duniani kwa moshi wa wengine, na watoto wanaokulia katika nyumba ya mvutaji hupata zaidi pumu, nimonia na maradhi ya masikio. Kwa upande huu hatari hushuka haraka ajabu. Scotland ilipopiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma ya ndani, Machi 2006, idadi ya waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na hali zinazoukaribia katika hospitali zilizochunguzwa ilipungua kwa asilimia 17 katika kipindi cha mwaka uliofuata, na wengi wa waliookoka hivyo walikuwa watu wasiovuta. Tanzania ilikuwa imetunga sheria yake ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na Kenya ikafuata mwaka 2007. Mama mjamzito anayeacha mapema katika ujauzito hupunguza hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo hadi kuikaribia ile ya asiyevuta. Hizo ni haki zinazoweza kurudishwa. Mke aliyekaa na moshi wa mumewe miaka 30 na sasa anapumua kwa shida ana haki isiyorudishika kwa kuacha peke yake. Kwa huyo sheria ya toba imebakisha kuombwa radhi, waziwazi na kwa maneno, na kuhudumiwa.